Nilimtania Mtani Wangu Mbele ya Askari

Admin, jina langu lifiche na la kijiji pia, sema tu ni upande wa Newala. Nina miaka sabini na mitano, mjane, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtakaocheka herufi zangu chekeni. Dhambi yangu ina umri mkubwa kuliko wengi wenu.

Ilikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha Ujamaa, na ng'ambo ya Ruvuma vita na Mreno vimewaka. Kila mtu anaogopa wapelelezi. Tukaletewa askari kijana, mtu wa bara, mpole kweli. Alipita nyumba kwa nyumba na balozi wetu wa nyumba kumi, anawaamkia wazee, anakaa mkekani, anasema polisi na wananchi ni kitu kimoja, tumwambie lolote. Nikampenda kama mdogo wangu. Akija peke yake nampa muhogo wa kuchemsha.

Siku moja yuko anakula, akapita mtani wangu, mtoto wa mjomba, katoka bondeni na kikapu cha samaki. Dada yake aliolewa ng'ambo, kwa hiyo mtoni alikuwa haishi kwenda. Mimi na yeye hatukuwahi kuonana bila kutukanana. Kwetu mtani usipomtania atajua umemnunia. Nikamwambia askari, "Huyo ndiye wa kukamata. Anawapelekea Wareno habari zetu, samaki ni danganya toto tu." Mtani akacheka, akajibu kwamba mimi ndiye mkubwa wake wa kazi. Askari naye akacheka, akamaliza muhogo wake, akashukuru.

Baada ya siku mbili walikuja watu wanne na gari wakamchukua mtani wangu.

Ningekuwa na moyo ningelifuata gari lile nikaeleze kwamba ule ulikuwa utani, huyu kijana katoka mbali, kwao labda hawataniani hivyo. Sikwenda. Nilijiambia nina mtoto mgongoni, na mtani mwenyewe alishanitaja kuwa mkubwa wake, wakinishika na mimi je? Sijitetei. Ni woga tu, jina lingine sina.

Alirudi baada ya miezi kadhaa, mifupa mitupu, anakohoa damu. Nikaenda kumpa pole. Mkewe alipotoka kuteka maji, akanitazama sana, akaniuliza, "Mtani, siku ile yule askari alielewa kwamba unanitania?"

Nikamwambia alielewa, si ulimwona anacheka? Nikaongeza, bila hata kuulizwa, "Aliyekuchongea ni balozi. Si ndiye anayeandika majina ya wanaovuka mto?"

Akaniamini. Akamwambia mkewe, akamwambia na mwanawe, kisha akafa kabla mikorosho haijatoa maua.

Balozi wa watu hakujua lolote. Watu wakaacha kumwitikia salamu. Alipofiwa na mkewe tulikwenda kuzika wachache, aibu tupu, na mimi nikiwemo, nikasifiwa kuwa nina huruma. Hebu fikirini. Alikufa anaapa kwamba hakumsema mtu.

Sasa tumeletewa polisi kata, binti mwenye adabu zake, anataka tuwe na ulinzi shirikishi. Anapita nyumba kwa nyumba vilevile, anasema yaleyale ya yule askari. Kwenye kikao cha kwanza binti wa balozi, ambaye sasa ana wajukuu, alijitolea kuingia kwenye kamati. Mtoto wa mtani wangu akasimama akasema damu ya mchongezi haiwezi kulinda nyumba yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mbele, nimepewa kiti kama mzee wa heshima, nikainama kuangalia miguu yangu.

Huyo mtoto wa mtani ndiye aliyeniezekea nyumba nilipofiwa na mume. Ananiita mama, na nikiumwa ndiye anayenipakia pikipiki kunipeleka hospitali. Nikisema kweli nimempoteza. Na najua kijiji kitasemaje: mmeona, ukiongea na polisi yatakukuta kama yale. Yule binti polisi mwenye kazi yake ataondoka mikono mitupu.

Lakini juzi binti wa balozi alikuja kwangu. Akaniamkia shikamoo, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama mama yake alivyokuwa akiniita. Akasema, "Mama, wewe ulikuwa jirani yetu. Ijumaa kwenye kikao simama useme tu kwamba baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Wewe watakuamini."

Nikamwambia nitasimama. Akapiga magoti akanishika mikono, akanishukuru mpaka akalia.

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini wanangu, hata kwa matusi nitasoma: nikishasimama, niseme nini?