Sensa Iliyojaribiwa Kwenye Kikombe cha Chai

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba unga wake bado uko kwenye nywele zangu. Nilikuwa mke mbichi hapa Igurwa, na marehemu baba yako ndiyo kwanza amefunga mashine ya kusaga mahindi. Injini yake ilinunuliwa kwa ng'ombe wawili wa babu yako. Mzee alibaki na mmoja tu.

Sensa ya joto, kile kifaa kinachopima joto la injini, ilichoka, tukaenda wote wawili dukani. Muuzaji akatutolea mbili. Moja fupi, nene, yenye sura mbaya. Nyingine ndefu, inang'aa, waya wake mwembamba kama uzi. Ile ndefu akaiunga kwenye betri na geji, ile saa yenye mshale wa kuonyesha joto, akaitumbukiza kwenye chai yake ya moto, mshale ukaruka papo hapo. Ehe! Baba yako akacheka kama mtoto. Mimi ndiye niliyesema, "Hiyo hiyo!" Tulikuwa vijana, tunapendana, kila kitu kilitupendeza. Kile kicheko natamani kukisikia hata leo.

Nyumbani waya ukaning'inia, tukaufunga kwa kamba ya mgomba, kama tunavyofunga kila kitu huku. Lakini injini haitulii kama kikombe. Inatetemeka mpaka kuta zinalalamika. Mavuno yalipofika, foleni ya akina mama ikiwa hadi barabarani, kamba ilishakauka na kulegea. Waya ukacheza, ukacheza, ukakatikia shingoni mwa sensa bila sisi kuona. Mshale ukalala kwenye baridi. Nasi tukaisifu injini kwamba haipati hata joto!

Babu yako akaingia, ametoka kuchunga, fimbo mkononi.

"Injini inanuka."

"Baba, geji inasema imepoa," baba yako akamjibu.

Hapo hapo mvuke ukafoka, injini ikakwama na kuzima. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepasuka.

Mzee akauvuta ule waya, ukachomoka mkononi mwake. "Ng'ombe mnamnunua akiwa amelala?" akauliza. Unajua kwetu mnunuzi humwinua ng'ombe, humtembeza, humkagua kwato, ndipo ataje bei. "Hii mliitembeza wapi? Kwenye kikombe?" Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa wewe kesho unakwenda kununua sensa. Usiniletee ya kung'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chukua fupi na nene, inayokazwa kwa spana kwenye chuma chenyewe, waya wake laini wa nyuzi nyingi, shingo imezibwa sawasawa. Uliza nani anaitumia kwenye injini ya kusaga, uende ukaione ikitetemeka. Ukiifunga, ubane waya kwa klipu karibu na injini, usibembee. Mashine isage debe zima ndipo uiamini sensa. Na pua yako, tafadhali, usiistaafishe.

Unaniona mkali? Hedi nyingine ilinunuliwa kwa kumuuza yule ng'ombe wa mwisho, aliyekuwa akimpa mzee maziwa. Mzee hakutulaumu tena hata siku moja. Alikunywa chai ya rangi mpaka tulipomzika, na mimi kila nilipomtengea kikombe nilirudi jikoni nikalia.

Haya, nenda. Mungu akupe jicho la kuchagua na mkono wa kukaza, na makosa yako, mwanangu, yasije yakalipwa na wazee wako.