Stelingi Kamuua Mlinzi

Jamani, leo nimejitia kinyaa mwenyewe.

Mchana nilikuwa banda la video hapa Bagamoyo, tunaangalia picha ya Kimarekani. Siku hizi picha zao jambazi ndiye stelingi!

Kavamia benki, kampiga risasi mlinzi mzee aliyekwisha piga magoti. Banda zima makofi.

Na mimi nikapiga. Tena na mluzi juu. Mtu mzima mimi, ovyo kabisa!

Pembeni yangu alikaa jirani yetu, Baba Rehema, kavaa sare kabisa, maana jioni anaingia lindo. Akainuka.

Nikamwambia, "Baba Rehema, kaa umalizie. Stelingi hafi huyo."

"Najua hafi," akasema. "Mimi nilikuwa namwangalia mlinzi."