Maziwa kwa Paka Aliyechanjwa

Kwa nini paka mzima achanjwe, halafu alale siku mbili bila kula? Nilikuwa na miaka tisa, na pale nyumbani, mtaa wa Kanombe, hakuna aliyeweza kunijibu. Jana nilimpeleka paka wangu wa sasa kuchanjwa, swali likanirudia.

Wakati ule daktari wa mifugo alikuja mtaani kuchanja mbwa, wasipate kichaa. Mimi nikapeleka paka wetu ndani ya gunia la viazi, kichwa tu kikiwa nje. Jirani yetu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wewe mtoto, huyo naye anabweka?" Bibi, aliyekulia Tanzania na kurudi kwetu na Kiswahili chake, hakucheka. Sindano hakuziamini. Nilikuwa nimemsumbua wiki nzima hadi akachoka: "Haya, mpeleke. Akifa usinililie."

Kesho yake paka alijikunja nyuma ya jiko la mkaa. Hata dagaa wa kukaanga hawakumwamsha. Siku ya tatu alianza kunusanusa sahani, nikafurahi, nikamshika, na vidole vyangu vikakuta kiuvimbe kama harage pale alipodungwa. Bibi naye akakipapasa. "Wamempa sumu."

Kwetu dawa ya sumu kila mtu anaijua: maziwa. Asubuhi na jioni Bibi alimbana magotini, mimi nikamnywesha kwa kijiko. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini misa ni ndefu, kwa nini wakubwa hawaombi radhi. Maziwa sikuyahoji.

Paka akaanza kuhara. "Ndiyo inatoka hiyo," alisema Bibi, tukaongeza maziwa. Wiki ilipoisha alikuwa mifupa mitupu, na Bibi akamwomba jirani amwache huko Gatsata, mbali na mtaa wetu, asifie ndani. Gunia lilikuwa lile lile.

"Bibi, tusubiri kesho tu."

"Mjukuu wangu, si wewe uliyempeleka kwenye sindano?"

Niliamini miaka yote kwamba sindano ndiyo iliyommaliza. Sasa Bibi hayupo, nyumba ile imebomolewa, napika kwa gesi, na sina hata nguvu ya kumkasirikia mtu. Jana daktari alinieleza huku akiandika kadi: usingizi wa siku moja mbili baada ya chanjo ni kawaida, na kiuvimbe kidogo huisha chenyewe baada ya wiki chache.

"Ila maziwa usimpe, dada. Paka wakubwa wengi yanawaharisha."