Mkata Miwa Aliyekataa Kushuka kutoka Vidunda

Habari hii nimeipata kwa Anastazia, mke wa mzee Ditram wa Vidunda, Jumanne iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Kidodi. Mwenyewe alikuwepo tangu mwanzo.

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Tumwagile amepiga magoti kwenye tope la mteremko, anapanda majani. Ndiyo, majani. Anashindilia kila shina kwa ngumi, kisha anasogea. Juu yake mzee Ditram amesimama na fimbo.

"Yabananishe hayo! Ukiacha nafasi, maji yatapita na mahindi yangu."

"Sawa, baba."

Tumwagile ni mwanamke wa miaka arobaini na sita. Msimu wa miwa yuko bondeni Kidodi na panga, anakata. Mvua zikianza na kazi ikisimama, hupanda mlimani Vidunda kama mwinjilisti. Kanisa halimpi mshahara wala nauli. Hubeba Biblia na nguo ya kubadili, chakula habebi. Akifika kwenye nyumba huomba jembe kwanza, alime na wenyeji. Wakimpa chakula, anakula.

"Wasiponipa nalala njaa, kesho naomba tena jembe," husema. "Mungu ndiye anayejua nitakula kwa nani."

Mzee Ditram hakutaka kusikia sala nyumbani kwake. Miaka kumi na moja iliyopita walikuja wahubiri na gari, wakampiga picha mbele ya kanisa lililoezuliwa na upepo, wakaahidi mabati. Hawakurudi.

Kwa hiyo Tumwagile alipofika Jumatano, mzee alimpa jembe ili achoke aondoke zake, akaenda kwa jirani. Aliporudi saa nane mchana alishika kichwa. Shamba lilikuwa jeupe, limesafishwa kama la miwa kule bondeni. Ile mistari mitatu ya majani iliyokingama kwenye mteremko, inayozuia udongo usichukuliwe na mvua, mgeni alikuwa ameing'oa yote.

"Mwinjilisti wa miwa wewe! Umenibomolea ukuta!"

"Nisamehe, baba. Kwetu bondeni hayo ni magugu. Nionyeshe yanakopatikana, nitayarudisha."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Ndiyo kazi hiyo sasa: kuchimba mashina kijitoni, kuyapandisha kichwani, kuyapanda kabla mvua kubwa haijashuka.

Jumamosi hiyohiyo simu ya Tumwagile ikalia. Ni mbovu, haisikiki bila spika, hivyo wote walisikia. Alikuwa Oswald, mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti.

"Dada Tumwagile, mkutano ni kesho. Kipaza sauti kimefika. Shuka leo. Umepata waongofu wangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna! Sasa unafanya nini huko?"

"Napanda majani."

"Usipokuja, nafasi yako ya kuhubiri anapewa mwenzako Goodhope."

"Mpeni, kaka. Cheo ni chenu. Aliyenituma huku hajaniita nirudi. Nimeharibu shamba la mtu, halafu nikasimame Kidodi nihubiri toba?"

"Na utakula nini?"

"Tangu lini kamati ikanilisha?"

Mzee Ditram akaangua kicheko, cha kwanza tangu Jumatano.

Jumapili Goodhope alipewa nafasi. Tumwagile alishindilia shina la mwisho saa kumi na moja jioni, mawingu yakiwa meusi.

"Kesho naenda nyumba ya juu zaidi," alimwambia Anastazia. "Barua ya kamati sina, mikono ninayo. Nitalima mpaka Vidunda yote inijue. Ila nitauliza kwanza kipi king'olewe."

Ugali haujaiva, akapitiwa na usingizi amekaa, mgongo ukutani.

Anastazia akatenga chakula. "Nani atakiombea sasa? Nimwamshe?"

"Mwache."

Mzee akavua kofia. "Mungu, mtu wako huyu shamba halijui. Lakini hakukimbia. Tubariki."

Mvua ikapiga, ikakata. Mzee akatoka kutazama majani, akarudi na tope hadi magotini.

"Yameshika," alisema, akajitupa kitandani.

Anastazia akamfunika mgeni kitenge, akafunga mlango, naye akalala.