Babu Ndani ya Maji

Juzi binamu yangu aliikuza picha ya zamani ya babu kwenye simu, ndipo nikaona kamba iliyokatiza mto na mizigo ya wachimba dhahabu ng'ambo. Palikuwa kivukoni, kwenye mji wa machimbo huko Chunya.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mtoto, kijijini kwetu Msanzi, na ua ulinuka kimea cha ulezi alichokuwa akitwanga bibi. Babu alikwenda kutafuta dhahabu akafia huko. Mwenzake akatuletea picha. Babu alisimama ndani ya maji hadi kiunoni, na juu ya kichwa chake mzungu mmoja alikuwa ameinua mkono.

"Bibi, babu anabatizwa," nilisema.

Mchi ulisimama. Kila Novemba bibi alipeleka kanisani majina ya marehemu wetu yaombewe, isipokuwa la mumewe, aliyeondoka nyumbani bila ubatizo.

"Hebu sema tena, mjukuu wangu."

"Si huyu padri? Anammwagia maji."

Aliisogeza picha karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu.

"Mbishi yule," alisema taratibu. "Kumbe alikubali."

Novemba ile jina la babu lilisomwa, na bibi akaitikia kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima.

Sasa, kwenye simu, niliona mkono wa yule mzungu ulikuwa umeshika kamba ya kivuko tu. Nilimwonyesha mama, aliyekuwa akipeta ulezi, nikamuuliza kama mwaka huu bado tulipeleke jina la babu.

"Lipeleke," alisema, bila kuacha kupeta. "Uliandike karibu na la bibi yako."