Kompyuta ya Mjomba kule Hombo

Mjomba wangu alikuwa mwalimu mjini Mutsamudu mpaka masikio yakamwacha. Hakusikia tena adhana, na kila jioni ya Ramadhani ilibidi mtu apande ghorofani kumwambia kwamba jua limetua. Jambo hilo lilimuudhi kuliko uziwi wenyewe. Maisha yake yote, yeye ndiye aliyewaambia watu saa.

Miaka ile mamluki wa Kizungu waliposhika visiwa vyetu, binamu yangu baharia alimletea kompyuta ya Kimarekani pamoja na kioo chake. Vyote viwili vilitaka volti mia na kumi na kitu. Umeme wetu ni mia mbili na ishirini. Mjomba akaniandikia barua Moroni, kisiwa kingine, nilikokuwa nikitengeneza redio: "Hakuna atakayeichomeka kabla hujaja."

Nilisokota transfoma ya kupunguza volti kwa mkono juma zima, nikiandika kila mizunguko mia ya waya kwenye karatasi. Nilipoipima ilitoa mia na kumi na mbili. Kwenye uwanja wa ndege, mamluki mmoja aliigeuzageuza akauliza kama inalipuka. Nikamjibu kwamba inanguruma kidogo tu. Akaniachia.

Nyumbani kwa Mjomba, mtaa wa Hombo, kompyuta iliwaka mara ya kwanza tu. Nikaandika programu fupi: saa itembee kwenye kioo, na magharibi ikifika kioo kizima kiwe cheupe. Siku ya kwanza ya mfungo, saa sita mchana, niliiweka saa hiyo sawa na ya redio. Mjomba akafunga madirisha aone kioo vizuri, akaapa mbele yetu:

"Leo asipande mtu kuniambia kitu."

Jioni ikaadhiniwa. Sisi tuliokuwa chini tukafuturu, tukaswali. Juu kimya.

"Labda anaomba dua," nikasema.

"Kwa dua ndefu hivyo angekwisha kushusha mvua," mkaza mjomba akasema. "Panda, fundi wa volti. Kiapo ni chake, si chako."

Nikapanda. Saa yangu ya mkono ilikuwa kumi na mbili na dakika ishirini na nne. Kioo kilisema kumi na moja na ishirini. Mjomba alikuwa ameketi wima mbele ya tende tatu na bakuli la uji uliopoa. Nikachukua kibao chake cha chaki nikaandika: Kula. Alisoma, akanitazama, akala.

"Mtambo wako mcha Mungu kweli," alisema akitafuna. "Bado umefunga."

Nilikuwa nimefikiria volti tu. Kompyuta ile ilipima wakati kwa mapigo ya umeme: Marekani ni sitini kwa sekunde, kwetu ni hamsini, na transfoma haibadilishi idadi hiyo. Kila saa moja ilipoteza dakika kumi. Nikaandika kibaoni 60, chini yake 50. Mjomba akaninyang'anya chaki, akahesabu tangu saa sita mchana, akagawanya, akazidisha, akafika kumi na moja na ishirini kamili. Uso ukamng'aa kama wa mwalimu aliyepata kosa kwenye daftari la mwanafunzi hodari.

"Ulikuwa unafanya haraka hata utotoni," akasema.

Nikabadilisha namba ile katika programu, sitini ikawa hamsini.

Kesho yake hakuna aliyepanda. Sauti ya Mjomba ilishuka ngazi pamoja na ya muadhini: "Kuleni! Mnangoja nini?" Mkaza mjomba alisema yeye anamsikiliza muadhini, si kompyuta. Mimi tende ilikuwa tayari mdomoni.