Kiti cha Kuzuia Mlango

Watu wengi hulipwa ili vitu visiharibike. Kishindo alilipwa aviharibu, na jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, likamganda mpaka mumewe naye akaanza kulitumia nyumbani.

Ofisi yao ilitengeneza vitasa vya umeme, vile vinavyofunguliwa kwa kadi. Ndani ya kila kitasa mna kisanduku chenye kompyuta ndogo na programu yake, na kazi ya Kishindo ilikuwa kuiangusha programu hiyo kwa makusudi. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama nyumba ya wageni: kila programu hupewa vyumba vyake, na ikijitia kufungua chumba kisicho chake, hutimuliwa papo hapo. Basi Kishindo aliituma kwenye vyumba vya watu, hata kwenye vyumba ambavyo havikujengwa, kisha akatazama kama dibaga itaidaka. Dibaga ni programu nyingine inayokaa pembeni kama askari wa zamu. Ikiwa nzuri, huisimamisha ile ya kwanza kwenye mstari ule ule wa kosa na kuishikilia, ili watu waje wajionee. Ikiwa mbovu, huiachia, kisanduku kinajiwasha upya, na ushahidi wote unapotea. Ofisi ilikuwa imeleta dibaga mpya, na Kishindo ndiye aliyepewa kuijaribu.

Aliijaribu kwenye kitasa cha chumba chake mwenyewe cha kazi, maana wakubwa waliona ubadhirifu kununua mlango mwingine. Chumba chenyewe hakina dirisha la nje. Mlango una kioo chembamba, na una mkono wa chuma unaourudisha ukiuachia. Simu haziingii, zinaachwa kwenye droo ya nje, na kompyuta haina mtandao. Kwa mtu mwingine yeyote hayo yangekuwa mambo madogo.

Lakini Kishindo aliogopa kufungiwa kuliko alivyoogopa kifo. Utotoni, katika kucheza na binamu zake, alijificha kwenye kabati la bibi yake. Wakasahau kumtafuta wakaenda kula. Tangu siku hiyo hapandi lifti, na nyumbani anaoga mlango ukiwa wazi huku mumewe amewekwa mlinzi barazani, akilalamika kwamba hakuoa, aliajiriwa. Kazini alikuwa na kiti cha mbao alichokiegesha mlangoni kila aingiapo. Walimcheka mpaka wakachoka. Mtu akitaka kiti hicho, hata kwa dakika moja, Kishindo alimkatalia kavu kavu.

Mwezi uliopita mama wa usafi alifungiwa ndani ya chumba hicho hicho akipiga deki. Alibonyeza kitufe cha kutokea, mlango ukakaa kimya. Akagonga, akaita, mwisho akaushindilia kwa mpini wa fagio mpaka kitasa kikapasuka gamba. Watu walipofika, kisanduku kilikuwa kimeshajiwasha upya na mlango ukafunguka kwa upole kabisa, kama haukuwahi kumkosea mtu. Akaambiwa ameharibu mali ya ofisi kisha anatunga hadithi. Kishindo alimwendea bosi, akamweleza kwamba huenda programu ilianguka yenyewe. Bosi akamjibu kwamba ajali zake yeye ni za kutengeneza, na karatasi ya ripoti anayoweza kuichapa wakati wowote haimshawishi mtu. Akiiona ajali ya kweli imesimama mbele ya macho yake, hapo watazungumza. Kusema haki, alikuwa na hoja. Ajali ya kupanga na ya kweli hufanana kama mayai.

Siku ya kikao cha kumfukuza mama wa usafi, Kishindo alirudi kutoka kula akaenda kuchukua waya aliousahau mezani. Majaribio alikuwa ameshayafunga. Dibaga tu ndiyo aliyoiacha ikilinda. Aliingia mbiombio, akasukuma mguu nyuma kukivuta kiti kama ilivyo desturi yake, na mguu haukugusa kitu. Mlango ulijifunga. Akabonyeza kitufe. Kimya.

Kwenye skrini dibaga ilikuwa imeshadaka. Programu imegusa anwani ya chumba kisicho chake, kwenye mstari wa kusoma kitufe cha kutokea, nayo imesimamishwa, hata kadi haisomwi. Hakuna jaribio lolote lililokuwa likiendeshwa. Ilikuwa ajali ya kweli, ile ile iliyomfunga mama wa usafi, imeshikwa mkia ikiwa hai.

Na chini ya skrini kilikuwa kitufe cha Endelea. Akikibonyeza, kisanduku kingejiwasha upya, mlango ungefunguka, na ajali ingetoweka. Kuihifadhi hakuwezekani, sehemu ya kuhifadhi ya dibaga ndiyo aliyoiandikia ripoti jana yake kwamba haifanyi kazi.

Kuta zilimsogelea, au ndivyo alivyoona. Alikaa sakafuni, akasimama, akaweka kidole juu ya Endelea, akakiondoa, akakirudisha. Alimchukia mama wa usafi waziwazi, kisha akaona haya. Aligonga mlango mpaka viganja vikawaka, lakini wote walikuwa kikaoni upande wa pili wa jengo. Nguo zilimlowa jasho. Harufu ya kabati la bibi ikamjia puani, naye akalia kwa sauti kama mtoto. Hakubonyeza.

Aliyemsikia ni bosi, alipotoka kikaoni kufuata maji ya kunywa. Alichungulia kwenye kioo, na Kishindo akaigeuza skrini imtazame. Bosi alisoma, akatikisa kichwa. Sauti yake ilipita chini ya mlango: abonyeze tu atoke, mengine wataangalia wiki ijayo.

"Nikibonyeza inapotea," Kishindo alisema.

"Na nitajuaje kwamba hukuipanga? Si ndiyo kazi yako?"

Kishindo alipiga magoti ili sauti ifike vizuri. "Bosi, kiti changu kiko wapi?"

Bosi aliangalia pembeni mwa mlango, kisha nyuma yake, kisha akaitazama ile sura iliyolowa machozi na kamasi nyuma ya kioo.

"Viti vilipungua kikaoni," alisema polepole. "Nimekikalia mimi."

"Basi. Mimi, bila kiti, nijifungie mwenyewe?"

Bosi aliisoma skrini tena. Alimwambia asiguse kitu, anakwenda kuwaita wote. Viatu vyake vikaishia ukumbini, na Kishindo akabaki tena peke yake. Kubaki huko ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kote, maana sasa alijua wanakuja na bado hawajafika.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa usafi, kiti kichwani. Alikitua nje ya mlango, akakaa, akabandika kiganja kwenye kioo.

"Nipo, mwanangu. Hicho chumba nakijua."

Wakubwa walikuja wakapokezana kuchungulia. Mmoja alitaka aelezwe tangu mwanzo, na Kishindo akamweleza kwa kupiga kelele chini ya mlango, tena mara mbili kwa sababu bwana yule hakusikia vizuri. Mama wa usafi hakuondoa kiganja. Mwishowe bosi alitikisa kichwa kukubali, akamwambia mama wa usafi kwamba kesi imekwisha, na akamwashiria Kishindo.

Alibonyeza. Kitasa kikalia. Kabla mtu mwingine hajafikiri, mama wa usafi alikuwa ameshakisukumiza kiti katikati ya mlango.

Kishindo alitaka kutoka mbio, miguu ikamgomea. Akabaki sakafuni, mlango wazi mbele yake, hawezi kuinuka. Wakubwa walisimama nje wakimwita atoke. Mama wa usafi ndiye aliyekiruka kiti, akaingia ndani ya chumba alichokuwa ameapa hatakanyaga tena, akaketi sakafuni kando yake, wakangoja miguu irudi.